Gadi Amekuja Kufuturu

Katika mitaa ya Ngamiani, Tanga, mnyama wa jirani hahitaji kupiga hodi. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mpango uleule wa tangu zamani: mlango wa mbele hufungukia barazani, ukumbi mrefu hukatiza katikati ya vyumba vilivyojipanga kulia na kushoto, na mwisho wa ukumbi upo mlango wa uani, ambako ndiko liliko jiko pamoja na kila jambo lenye harufu nzuri. Milango hiyo miwili hubaki wazi tangu asubuhi hadi usiku ili upepo wa bahari upite, na yeyote anayeweza kupita pamoja na upepo hupita. Bata wa nyumba ya nyuma walikwisha kufika chumbani kwa shangazi yangu, mmoja wao akataga uvunguni. Mbuzi wa jirani wa kulia aliwahi kuitafuna kalenda ya msikiti kuanzia Januari hadi Aprili, kisha akaondoka kwa hiari yake. Kuhusu paka hakuna mjadala, kwa sababu paka ana kibali. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, na mke wa mwanawe alipostaajabu, alimweleza kuwa Mtume alisema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Paka wa Ngamiani wanaonekana kuijua hadithi hiyo vizuri kutushinda sisi.

Mbwa ni habari nyingine. Wengi wetu huku Pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mbwa wa mtaani kwetu wanaifahamu vyema mipaka hiyo, hivyo hutazama mambo ya watu wakiwa ng'ambo ya barabara. Wote, isipokuwa Gadi.

Gadi ni wa Mzee wa Reli, jirani yetu wa kushoto, Mkristo kutoka Bara ambaye ameishi Tanga muda mrefu kiasi kwamba Kiswahili chake kina lafudhi ya Ngamiani kuliko cha mjomba wangu aliyezaliwa hapo. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye reli ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, na alipostaafu alimpa mbwa wake cheo cha yule mtu wa behewa la mwisho anayepunga bendera ya kijani. Cheo kilikuwa kikubwa, ila mwenye cheo hajawahi kulinda kitu chochote. Gadi ni koko mwekundu, sikio moja limesimama na jingine limelala, mpole kupita kiasi, na anaamini kwamba kila nyumba ya barabara yetu ni stesheni ambayo ni lazima asimame, akague, na aondoke kwa wakati.

Siku ya mkasa huu ilikuwa zamu yetu ya kuwafuturisha wazee wa msikiti. Mama alikuwa jikoni tangu baada ya adhuhuri. Palikuwa na mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati, samaki wa kukaanga aliyenunuliwa asubuhi katika soko la Deep Sea, na juu ya vyote hivyo uji wa pilipili manga uliopikwa katika sufuria ya kukodi, ile ya shughuli, ambayo hubebwa na watu wawili. Uji uliteremshwa mapema, ukawekwa chini kwenye kivuli cha ukuta ili upoe, kwa maana wazee waliofunga hawana subira na uji wa moto. Kufunikwa ulifunikwa, lakini kwa ungo, na ungo haukutosha kuifunika sufuria pana kama ile bila kuacha mwanya upande mmoja.

Mimi nilikuwa juu ya mbuzi nikikuna nazi, nimeupa mgongo mlango wa ukumbi. Aliyemwona wa kwanza alikuwa mdogo wangu, ambaye kwa umri wake alikuwa bado hajaanza kufunga.

"Mama, Gadi amekuja kufuturu."

Mama, aliyekuwa ameinamia karai la kaimati na hakulisikia jina vizuri, alidhani ni mmoja wa wazee aliyewahi. "Mwambie karibu sana, akae barazani na wenzake."

"Ameshaanza," mtoto akasema.

Tuligeuka wote kwa pamoja. Gadi alikuwa ameingiza pua katika ule mwanya, ungo umempanda kichwani ukaegemea sikio lililosimama, na ulimi wake ulikuwa ukifanya kazi taratibu, bila papara, kana kwamba ameletwa kuonja chumvi. Alipohisi kimya chetu aliinua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, akalamba mara moja zaidi ya kuagia, kisha akaondoka kwa mlango uleule aliouingilia. Maana yake ni kwamba alipita ukumbini mwote, akatokea barazani mbele ya wazee waliokwisha kuketi mkekani, sharubu zake zikiwa nyeupe kwa uji. Nisieleweke vibaya: jambo lile lisingefichwa hata kama angetokea mlango wa nyuma. Lakini tungepata walau dakika chache za kushauriana kifamilia.

Badala yake tulimpata Ustadhi. Alikuwa mwalimu kijana wa madrasa, ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni, na siku hiyo alikuwa amevaa kanzu mpya ambayo mkunjo wa dukani ulikuwa bado unaonekana kifuani. Aliingia uani, akaitazama sufuria, akauliza swali ambalo hatukulitarajia.

"Uji huu ni mzito au mwepesi?"

Alifafanua kwa utulivu. Chakula cha majimaji kikiguswa na najisi humwagwa chote, lakini kilichoganda huondolewa pale palipoguswa na pembezoni mwake, kinachobaki kikaliwa. Alitukumbusha habari ya panya aliyeangukia samli, ambapo iliamriwa aondolewe yeye na samli iliyomzunguka, na iliyobaki iliwe.

Hapo ndipo nilipoushuhudia ugomvi wa miaka mingi ukigeuka miguu juu. Tangu Mama alipoolewa katika nyumba ile, Bibi amekuwa akilalamika kwamba uji wake ni mzito. "Uji wako, mwanangu, unatafunwa, haunywewi," ndiyo kauli yake ya kila Ramadhani, na Mama kila Ramadhani hujibu kwa adabu kwamba ni mwepesi, Mama, ni vile tu umepoa. Sasa Mama alisimama mbele ya sufuria akajifuta mikono kwa kanga, akatamka kwa sauti ambayo hata barazani ilisikika:

"Uji wangu ni mzito."

"Mwepesi," akasema Bibi.

Ustadhi akasema wanavyuoni wameweka kipimo. Huchotwa sehemu, na pale palipochotwa hutazamwa: pakirudi kujaa upesi, hicho ni cha majimaji, pakibaki shimo, hicho kimeganda. Mjomba alileta upawa. Akauzamisha katikati, akachota, akautoa, na sote tukainama juu ya sufuria, Bibi na miwani yake, Mama na mwiko mkononi, mimi na machicha ya nazi vidoleni. Kwanza shimo lilisimama. Kingo zake zilikuwa wima, zinang'aa, na Mama alianza kutabasamu. Kisha ukingo mmoja ukalegea kidogo, chembe ya pilipili manga iliyokuwa juu yake ikaanza safari, ikateremka, ikafika katikati ya shimo, na shimo likawa halipo.

"Umerudi," akasema Ustadhi.

"Umerudi polepole," akasema Mama.

"Polepole, lakini hata amina moja haijakwisha."

Mama alimgeukia Bibi. "Ni wewe, Mama, uliyeniambia leo niuongeze maji." Na ilikuwa kweli: kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa Mama alikuwa amemsikiliza mama mkwe wake kuhusu uji. Bibi hakujibu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akairudisha machoni, akawa kama mtu anayesubiri kesi nyingine iitwe.

Wakati huo Mzee wa Reli alikuwa amekwisha kupata habari. Aliingia kofia mkononi, akamwamkia Bibi, akaomba radhi kwa maneno mazito, kisha akauliza kwa unyenyekevu kama uji ule ulikuwa na kazi nyingine. Haukuwa nayo. Basi uji wote, pamoja na nazi, hiliki na pilipili manga yake, ulimiminwa katika ndoo zake, ukapelekwa nyumba ya kushoto, na Gadi, ambaye ndiye peke yake aliyefukuzwa katika futari ile, akawa ndiye mtu wa kwanza mtaani kushiba.

Ilibaki sufuria. Mama alitaka kupika uji mwingine, na hatukuwa na chombo kingine cha ukubwa ule, ilhali Magharibi ya Tanga haingoji mtu, saa kumi na mbili na nusu au karibu yake jua limekwisha kazi. Maji yalikuwapo. Udongo ulikuwa tatizo. Mzee wa Reli, akitaka kulipa fidia, alirudi anasukuma toroli lililojaa udongo mweusi wa bustani yake, akaapa kwamba ni msafi, haujawahi kutiwa hata mbolea.

"Na Gadi hulala wapi?" Bibi aliuliza.

Mzee alilitazama toroli kwa muda. "Hapo hapo, Bi Mkubwa."

Toroli likarudi. Mjomba, ambaye amesoma chuo cha ufundi na ana majibu ya kila kitu, alipendekeza sabuni ya unga, akaeleza uwezo wake dhidi ya vijidudu. Ustadhi alisema kilichotajwa ni udongo. Palepale macho ya watu wote, bila mtu kuyaelekeza, yalipanda juu ya ukuta wa ua, penye makopo mawili ya maziwa ambamo Bibi hupanda mirehani yake, juu ambapo hakuna mbwa, mbuzi wala bata aliyewahi kufika. Mrehani ule Bibi huutia katika kikuba, na hata sisi wajukuu huomba ruhusa, karibu kwa maandishi, tukitaka kunusa. Aliutazama mrehani, akamtazama Mama, akasema, "Chukueni wa juu juu tu."

Tukaanza kuosha, mimi nikisugua na mjomba akimimina, huku Ustadhi akihesabu kwa sauti. Ya kwanza kwa udongo. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Tulikuwa katika ya tano, sufuria imelazwa ubavu, niliposikia pumzi karibu na sikio langu. Gadi alikuwa amemaliza sehemu yake na amerudi kuangalia kama kuna nyongeza. Kabla sijapata kusema neno, alikwisha kupita chini ya mkono wangu na kuingiza kichwa chote ndani ya sufuria.

"Tunaanza upya," akasema Ustadhi.

Mjomba, ambaye alikuwa amefunga na tumbaku pia, alimmwagia Gadi ndoo nzima ya maji. Mbwa mwingine angekimbilia kwao. Gadi, ambaye hajawahi kupigwa maishani mwake, aliona ni mchezo, akakatiza ukumbini mbio, akatokea barazani akiwa amelowa chapachapa, na akasimama katikati ya mkeka kutafakari. Wazee wa Ngamiani wameona mengi. Walipomwona tu walikusanya miguu, wakavuta kanzu zao na kujibana ukutani. Aliyekuwa amesimama peke yake ni Ustadhi, aliyemfuata mbio kutoka uani huku akiwatangazia wazee kwamba wasiwe na hofu, mbwa mkavu hanajisi kitu.

Gadi alianza kujikung'uta kuanzia puani. Mtikiso ukashuka shingoni, ukapita mgongoni, ukamalizikia mkiani, na ulipomalizika, kanzu mpya ya Ustadhi ilikuwa na madoadoa kuanzia kifuani hadi kwenye pindo. Mwadhini akaadhini.

Watu wakafungua kwa tende na maji. Katika ule ukimya ambamo hakisikiki kitu ila kokwa za tende zikidondoka sahanini, Ustadhi alikuwa akiitazama kanzu yake. Akakohoa kidogo.

"Hata hivyo," alisema kwa sauti ya chini, "kwa Imamu Maliki mbwa ni twahara."

Bibi alikuwa ukumbini, nyuma ya pazia. "Na uji wetu ulipokuwa ukimwagwa," akauliza, "Imamu Maliki alikuwa safarini?"

Mzee mmoja alipaliwa na tende, ikabidi apigwe mgongoni. Ustadhi hakuendelea na dalili zake. Aliazimwa msuli wa Baba na jezi ya mjomba, ile ya Coastal Union, na kwa kuwa ndiye aliyesoma kuliko wote, alitangulizwa kuswalisha hivyohivyo, nasi tukasimama nyuma yake katika safu, namba 9 ikitutazama kila tulipoinuka kutoka katika rukuu. Baada ya swala watu walikula mihogo. Uji haukuwapo. Kanzu iliingizwa katika karai ili ioshwe mara saba, na udongo wa kuoshea haukutafutwa: Bibi alipanda kigoda mwenyewe, akalishusha kopo la pili, akaung'oa mrehani na mizizi yake, akamwaga udongo wote.