Elfu kumi ya aliyenitangulia

Nilipoandika kwenye kundi la familia kwamba nitakimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon, na kwamba nachangisha fedha kwa ajili ya wazazi waliofiwa na vichanga, hakuna aliyejibu hadi jioni. Kundi hilo hilo wiki moja kabla lilikuwa limekamilisha michango ya sendofu ya binamu yangu kwa usiku mmoja.

Wa kwanza kutuma alikuwa mama. Shilingi elfu kumi, kisha akapiga simu.

"Baba, umeiona?"

"Naam, mama. Ahsante sana."

"Hiyo ni ya yule aliyekutangulia."

Nina miaka 38. Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba. Kwenye harusi za wadogo zangu nimesimama kama mkubwa wao. Siku ile ndipo nilipojua kwamba kabla yangu alikuwepo msichana. Mimba ilitimia, akazaliwa, hakulia. Bibi na jirani wawili walimzika nyuma ya nyumba kabla mama hajaweza kuinuka kitandani. Hakuna aliyemuuliza kama angependa kumwona. Tangu hapo, aliniambia, hakuna aliyemuuliza lolote.

Wetu alikuwa wa kiume. Mapigo ya moyo yalitoweka wiki ya 37. Nesi alinikabidhi akiwa amefungwa kwenye kanga mpya, ile ile tuliyokuwa tumeinunua kwa ajili ya kumbebea, bado ina ukakamavu wa dukani. Nilimpakata kwenye bajaji hadi nyumbani. Dereva alitazama mara moja, akazima redio, na hakuiwasha tena. Mke wangu alibaki wodini usiku mbili, kitanda chake kikiwa katikati ya wazazi wawili wanaonyonyesha. Maziwa yake yalikuwa yameanza kutoka. Kila kichanga kilipolia, fulana yake ililowa.

Watu walitupa pole. "Hakuwa riziki." "Mungu atawapa mwingine." Waliyasema kwa upendo, na imani yao ndiyo yangu. Lakini maneno hayo yanafunga mlango. Akifa mtu mzima tunafunga turubai, tunakodi viti, daftari la rambirambi linafunguliwa, mjomba anasimama kueleza marehemu alikuwa nani. Watu wanalala pale pale. Kichanga hana turubai. Siku ya tatu mke wangu alikuwa anafua, na mimi nilikuwa kazini, na hapakuwa na mtu aliyemtaja tena.

Ndiyo maana nikiulizwa kwa nini nisichange tu kimya kimya bila kujitesa barabarani, jibu langu ni kwamba kimya ndicho ninachokikimbia. Huwezi kuomba mchango bila kusema unachangia nini. Miezi minne ya mazoezi, kila Jumamosi alfajiri na wenzangu wa joging, nilimweleza kila aliyeniuliza. Muuza nyama wa mtaani kwetu alitoa elfu tano, akasema wake walikuwa mapacha. Mzee mmoja wa ofisini, mtu asiye na maneno mengi, alinifuata hadi kwenye ngazi kunitajia jina ambalo hakuwahi kumtajia mtu zaidi ya mkewe. Nilianza kukusanya fedha, nikajikuta nimefunga turubai.

Wenzetu wameshaionyesha njia. Aprili 2014 Margaret Kenyatta, wakati huo mke wa Rais wa Kenya, alikimbia London Marathon kwa ajili ya kampeni ya Beyond Zero ya afya ya mama na mtoto. Alitumia zaidi ya saa 7. Wengi wanakumbuka kliniki zinazotembea zilizopelekwa kwenye kaunti. Mimi naheshimu zaidi zile saa 7, kwa sababu hakuwa mwanariadha na hakuacha. Nairobi kuna Still A Mum, wanaokaa na wazazi waliopoteza mimba na watoto. Hapa kwetu tumekimbia kwa ajili ya upasuaji wa moyo wa watoto, tumekimbia Dodoma kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi, na fedha zimefika. Hatushindwi kuwakimbilia hawa.

Na hawa ni wengi. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba karibu watoto milioni 2 duniani huzaliwa wafu kila mwaka, wakihesabiwa wa kuanzia wiki 28 za mimba tu. Zaidi ya 4 kati ya 10 hufa uchungu ukiwa umeshaanza, yaani mama yuko njiani au yuko tayari mikononi mwa wahudumu. Wengi wao wangeweza kuokolewa. Wapo pia wanaozaliwa hai lakini hawavuti pumzi, na kwao dakika ya kwanza ndiyo kila kitu. Tanzania imelithibitisha hilo: katika hospitali na vituo 30 vya mikoa 5, ikiwemo Manyara na Geita, wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa mwanasesere, wakajizoesha kumsaidia mtoto kupumua kwa mfuko na barakoa na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto wakati mama akiwa na uchungu. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Kilichobadilika pale ni mikono ya wakunga kuzoea, wala si majengo mapya.

Kwa hiyo sikubaliani na uchangishaji unaoishia kwenye fulana na mabango. Nililipia kiingilio na nauli ya Moshi mwenyewe, na kila aliyechanga alipata hesabu kwenye simu yake: mfuko na barakoa mbili, mwanasesere mmoja wa mazoezi, na kwenye wodi moja ya wazazi, godoro, kiti na pazia zito la kutenga kona kwa mama ambaye mtoto wake hayupo. Pazia ndilo alilolichagua mke wangu. Alikwenda Kariakoo kulipima mwenyewe, akakataa la kitambaa chepesi.

Mbio zenyewe nitazisema kwa ufupi. Nusu ya kwanza ni tambarare. Kisha barabara inapinda kuelekea Mweka, inapanda kati ya migomba na kahawa, na hapo ndipo misuli ya paja ilikaza. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea. Nilimaliza.

Mama alikuwa ananisubiri uwanja wa Ushirika, mbio zinapoishia, ameshika mwavuli. Alitaka kujua mwakani ni lini, kwa sababu zile kilomita 5 anaweza kuzitembea. Ameomba fulana yake iwe ya mikono mirefu, na mgongoni paandikwe Neema. Hilo ndilo jina alilokuwa amemchagulia.