Kipande cha Nyama, Nyumbu Mzima

Karani yeyote aliyefanya kazi katika mahakama za mkoa wa Mara anaweza kukusomea hati ya mashtaka ya kesi ya nyamapori hata ukimwamsha usiku wa manane. Kosa la kwanza, kuingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti bila kibali. Kosa la pili, kupatikana na silaha hifadhini: panga moja, kisu kimoja, nyaya mbili za kutegea. Kosa la tatu, kupatikana na nyara za Serikali isivyo halali: vipande viwili vya nyama ya nyumbu iliyokaushwa, sawa na nyumbu mmoja aliyeuawa.

Makosa mawili ya mwanzo aghalabu huishia kwenye kifungo cha mwaka mmoja au miwili. Uzito wote uko kwenye la tatu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inaihesabu nyama kuwa nyara, kama inavyoihesabu pembe ya ndovu, na kosa hilo husomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi. Tangu marekebisho ya 2016, sheria hiyo ya pili imeweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30, na juu yake inaweza kuja faini inayofika mara kumi ya thamani ya nyara.

Hapo kwenye thamani ndipo ninapoomba tukae kidogo.

Thamani ya nyara haitokani na nyama iliyokamatwa. Inatoka kwenye kanuni za uthaminishaji za 2012, zinazompangia kila mnyama bei yake kwa dola za Marekani. Nyumbu ni dola 650. Afisa wanyamapori huandika hati ya uthaminishaji, na kwa kuwa huwezi kupata vipande viwili vya nyama bila kumuua mnyama mmoja, anaandika mnyama mmoja. Kwa mantiki ya uhifadhi hoja hiyo imenyooka: nyumbu amekufa, na aliyebeba paja lake hawezi kudai kwamba sehemu iliyobaki bado inakimbia. Lakini nyumbu mmoja hugawanywa kwa kaya nyingi. Mtegaji akachukua chake, mpagazi chake, mchuuzi chake, kisha wanawake watano wakanunua vipande viwili viwili. Wakikamatwa wote katika siku tofauti, kila mmoja atasomewa nyumbu mzima, na kwenye karatasi za Serikali watakuwa wamekufa nyumbu wengi kuliko waliokufa porini.

Nilimwona mmoja wa watu hao. Miaka michache iliyopita nilikaa benchi la nyuma katika mahakama moja ya wilaya mkoani humo. Mshtakiwa alikuwa mama wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya sweta, miguu imejaa vumbi hadi ugokoni. Alikamatwa njiani akiwa na ndoo ya plastiki, na chini ya majani ya kunde walikuta nyama iliyokauka kama gome la mti. Alisema ameinunua kwa kijana asiyemjua. Alipoulizwa leseni iko wapi, au angalau risiti, alijibu kwa upole kabisa: "Mheshimiwa, kule kwetu hata nyama ya mbuzi haina risiti."

Watu wachache walicheka. Mimi niliona amegusa kiini cha kesi yake bila kujua. Sheria yetu inamtwika aliyekutwa na nyara mzigo wa kuthibitisha kwamba anaimiliki kihalali. Mwindaji mwenye leseni anaweza kuubeba mzigo huo, kwa sababu kila mnyama anayemwangusha huandikwa kwenye leseni yake. Ngozi ya chui inayosafirishwa nje ya nchi hutundikwa lebo yenye namba, kwa utaratibu wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mnyama wa mwindaji wa kitalii hutembea na karatasi zake tangu porini hadi uwanja wa ndege. Mnyama wa kijijini hana karatasi, na hakuna mahali ambapo mwanakijiji angeweza kuzipata hata kama angezitaka.

Ninaposema hivi huwa najibiwa kwamba leseni zipo, na uwindaji wa wakazi upo kisheria. Ni kweli. Ila leseni hiyo inadai bunduki iliyosajiliwa, na sheria inakataza njia zote nyingine ambazo mtu asiye na bunduki angeweza kuzitumia: tanzi, shimo, wavu, sumu, mbwa. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wameachiwa upinde wao kwa sababu maisha yao yanategemea kuwinda, na ni haki waachiwe. Mkulima wa wilaya ya Serengeti au Bunda hana upendeleo huo wala hana bunduki. Kwake mlango wa halali umechorwa ukutani tu.

Lakini wahifadhi wana hoja nzito, na asiyeitaja anadanganya.

Tulikuwa na tembo 109,051 mwaka 2009. Sensa ya 2014 ilikuta 43,330. Ndani ya miaka mitano tulipoteza zaidi ya nusu ya tembo wa nchi, na kila mtu aliyekuwa na macho aliona kwamba faini ndogo ndogo hazimtishi mfanyabiashara wa meno ya tembo. Marekebisho ya 2016 yalikuja baada ya hofu hiyo. Nyumbu nao si wa kuchezea. Miaka ya mwanzo ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni, na ni baada ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua na nyumbu, kudhibitiwa ndipo wakapanda hadi zaidi ya milioni moja. Watafiti wanaokadiria ujangili wa nyama huko wametaja makumi ya maelfu ya nyumbu kila mwaka, wengine wakifika 100,000. Huo si mboga ya mtu mmoja. Ni biashara yenye pikipiki, wapagazi na wateja mjini.

Tena tanzi halichagui. Waya uliotegewa nyumbu humnasa simba, fisi na mtoto wa tembo, na mnyama anayefanikiwa kuukata hutembea nao shingoni hadi ukale nyama. Tangu 2017 kuna vikosi vinavyozunguka Serengeti kwa kazi hiyo moja ya kung'oa nyaya, na wameshang'oa maelfu kwa maelfu. Askari wa wanyamapori nao hukutana porini na watu wenye mishale ya sumu. Ukimwambia mke wa askari kwamba adhabu ni kali mno, usitarajie akupigie makofi. Nyama isiyopimwa nayo ina hatari yake, maana kimeta hakina mipaka kati ya hifadhi na kijiji.

Yote hayo nayakubali. Swali langu ni kama ile ndoo yenye majani ya kunde ndiyo mahali pa kuyalipizia.

Sheria ilivyo leo haimtofautishi aliyetega, aliyechuuza na aliyenunua kitoweo. Wote ni watu waliopatikana na nyara. Mfanyabiashara ana watu wa kumbebea, kwa hiyo ndiye asiyekutwa na kitu. Anayekutwa ni wa mwisho kwenye mnyororo, mwenye ndoo. Yeye akifungwa miaka 20, biashara haiyumbi hata siku moja. Mchuuzi anapata mteja mwingine jioni hiyo hiyo.

Na ile bei ya dola 650 inanisumbua kwa sababu nyingine, ambayo sijasikia mtu akiijibu vizuri. Mwaka 2011 Serikali ilitunga kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi kwa wananchi wanaoharibiwa mazao au kuuawa na wanyama wakali. Mtu akiuawa, familia yake ilipangiwa shilingi 1,000,000. Mazao yakiliwa, malipo yalianzia shilingi 25,000 kwa ekari na kuishia 100,000, kutegemea shamba liko umbali gani na hifadhi. Mwaka uliofuata ndipo nyumbu akapangiwa dola zake 650, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilikuwa shilingi milioni moja na kidogo. Yaani nyumbu na binadamu walianza wakiwa karibu sawa. Halafu dola ikapanda. Nyumbu akapanda nayo mwaka hadi mwaka, akapita milioni moja na laki nne, na hakuhitaji kanuni mpya. Kile kifuta machozi kiliandikwa kwa shilingi, kikakaa pale pale kwa miaka mingi.

Najua kifuta machozi si fidia. Maafisa wamelieleza hilo mara nyingi, kwamba hakuna anayedai uhai wa mtu ni milioni moja. Lakini mwananchi wa pembezoni mwa hifadhi hasomi tafsiri za kisheria. Anajua jirani yake aliuawa na tembo, familia ikangoja malipo. Anajua shemeji yake alikutwa na nyama, na hesabu ya deni ikatoka pale pale kituoni. Kutokana na mambo hayo mawili ameshaamua nani ana thamani mbele ya Serikali, na mgeni rasmi wa semina hawezi kumbadilisha kwa fulana na chupa ya maji.

Tuseme basi ukali unahitajika ili watu waogope. Je, ukali huu unafanya kazi hata mahakamani? Nyama ni kielelezo kinachooza. Polisi huijazia fomu ya inventori, huipeleka kwa hakimu, hakimu huamuru iteketezwe, na siku ya kesi mahakama huletewa karatasi. Siku ile niliyohudhuria, mezani palikuwa na ile ndoo tupu na fomu juu yake. Mahakama ya Rufani imesema katika mfululizo wa hukumu tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, ikirejea PGO, yaani amri za kudumu za Jeshi la Polisi, namba 229, kwamba mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu kielelezo kinapoamriwa kuharibiwa, apewe nafasi ya kusema, na ikiwezekana picha zipigwe. Pale ambapo hilo halikufanyika, fomu imeondolewa, na bila fomu hakuna nyama, bila nyama hakuna kesi. Watu waliokwisha kaa gerezani miaka mitano, sita, saba, wameachiwa huru.

Upande wa mashtaka huita hizo mbinu za kiufundi. Mimi naona ni majaji wakikataa kumfunga mtu miaka 20 kwa karatasi ambayo hakuwahi kuonyeshwa. Adhabu ikiwa kubwa kiasi hicho, ushahidi nao lazima upimwe kwa mizani ya adhabu hiyo, na kesi za ndoo haziwezi kuibeba mizani hiyo. Matokeo yake tunashindwa pande zote mbili. Mwenye hatia anatoka akiwa amemlaani kila mhifadhi, na asiye na hatia anatoka akiwa amepoteza shamba, ng'ombe na ndoa.

Kenya walichagua njia nyingine. Walipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977, na hadi leo nyaya zinang'olewa Tsavo. Sioni kwamba marufuku kamili ni jibu letu.

Jibu letu tulilianza wenyewe mwaka 2020, zilipotoka kanuni za mabucha ya nyamapori. Wazo lilikuwa jema: nyama halali, iliyopimwa, yenye risiti, ili mwananchi asiwe na sababu ya kununua gizani. Lakini bucha la Dodoma halimsaidii mama wa kijiji kilichopakana na Serengeti. Bucha linalomfaa yeye ni la pale njia panda, linalopata nyama ya wanyama waliovunwa kwa leseni katika maeneo ya hifadhi za jamii kama Ikona, na kuuza kwa bei inayoshindana na ya yule kijana asiyejulikana. Nyama hiyo ikiwa na risiti, ule mzigo wa kuthibitisha utakuwa wa haki, kwa sababu utabebeka.

Na adhabu zitofautishwe. Anayetega na anayechuuza wabaki na sheria kali, mwenye pembe za ndovu abaki na miaka yake 30. Anayekutwa na kilo chache za kitoweo athaminishiwe nyama aliyokutwa nayo, kwa shilingi, kosa lifikie ukomo katika mahakama ya mwanzo au lififilishwe, yaani limalizwe kwa faini bila kesi, utaratibu ambao sheria zetu za maliasili tayari zinaujua. Atozwe kiasi ambacho kitamuuma na ambacho anaweza kukilipa kwa kuuza mbuzi wawili. Faini isiyolipika hata mtu auze kila alichonacho ni kifungo kilichobadilishwa jina.

Yule mama, baada ya kesi kuahirishwa, aliomba arudishiwe ndoo yake. Alisema ni ya jirani. Askari alimweleza kwamba bado ni kielelezo, akaichukua, akaitia namba kwa kalamu ya wino mzito, akaenda nayo stoo.