Msimwambie Mama wa Teja Kwamba Amepumzika

Tumemzika kijana wa jirani yangu hapa Temeke. Jina lake silitaji, wala la mama yake, maana yametajwa sana mtaani na kwa ubaya. Nimeketi mkekani na wanawake wenzangu, maiti bado iko ndani, nasikia mmoja anasema, "Afadhali, na mama naye amepumzika." Wengine wakaitikia. Haikuishia hapo. Mtu mzima, mwenye heshima zake, akaenda kumshika mfiwa bega akamwambia, "Mdogo wangu, shukuru Mungu, sasa utalala."

Yule mama hakumjibu. Mimi namjibu.

Amefiwa. Amefiwa na mtoto aliyembeba tumboni, akamnyonyesha, akampeleka darasa la kwanza na sare mpya. Kama mtoto huyo angekufa kwa ajali ya bodaboda, mngelia naye mpaka arobaini. Kwa sababu alikuwa teja, anakula unga, yaani heroini, mnampa mama yake hongera iliyovaa nguo za pole. Nimekasirika na sifichi.

Mwanangu wa kwanza alikula unga kwa miaka mingi, na leo anakunywa methadoni, dawa ya kliniki inayoshika mahali pa unga. Kwa hiyo ninachosema nakijua kutoka jikoni kwangu.

Mama wa teja huanza kufiwa mtoto akiwa hai, na msiba huo hauna watu. Hakuna anayekuja kutandika mkeka, hakuna anayeleta sukari na majani ya chai. Mtoto anaondoka kidogo kidogo huku mwili wake unapita mlangoni. Kwanza anaacha kazi. Kisha anaacha kuoga, yeye ambaye zamani alikuwa akipiga pasi hadi fulana ya ndani. Kisha pasi yenyewe haipo. Mtungi wa gesi haupo, unarudi kwenye mkaa. Na jioni bado unapakua sahani yake, unaifunika kawa, unaiweka mezani, kwa sababu huwezi kujilazimisha kupika chakula ambacho yeye hayumo.

Akirudi usiku, kichwa kinamwanguka, anazungumza sentensi haimalizi, analala alivyo. Mnaosema "sasa utalala" mnadhani mama alikuwa anakeshea vitu vyake visiibwe. Alikuwa anaamka, anaingia chumbani bila kuwasha taa, anaweka kiganja chini ya pua ya mtoto wake mwenye ndevu, anasubiri pumzi. Ikija, anarudi kitandani. Baada ya muda anaamka tena. Mama huyo mnamwambia kwamba kazi hiyo imekwisha na ashukuru?

Na waliosema "amepumzika" ni wale wale waliokuwa wakimwambia "mfukuze". Nimewasikia, kwa sababu na mimi waliniambia. Umemdekeza. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali zote za malezi zimetupwa mlangoni kwetu. Lakini nyumba hiyo hiyo, kwa mkono huo huo na fimbo hiyo hiyo, imetoa mwalimu, imetoa fundi cherehani, na imetoa teja. Unga ulikuwa umeshafika mji huu kabla watoto hawa hawajazaliwa. Ulikuja na majahazi kuvuka Bahari ya Hindi, ukashuka pwani yote hii, Tanga, Zanzibar, Dar, Mombasa. Zamani ulikuwa wa rangi ya udongo, watu wanauvuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaenea mweupe, unaoyeyuka upesi kwenye maji, na vijana wakahamia kwenye sindano, na UKIMWI ukapita nao humo humo. Yupi kati ya mama zao aliyekuwa na jahazi?

Waliowahi kuona arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, kwa macho hawasemi kwamba ni ukaidi. Mtoto anatetemeka juani, pua na macho vinamiminika, anaharisha, anatapika, anasema mifupa inamsagika, anakulilia mtu mzima yule, "Maza, nisaidie leo tu." Saa chache baada ya kete moja, kipakiti kidogo cha unga, mwili unadai nyingine. Hapo ndipo simu yako inapoondoka. Haiondoki kwa sababu hakupendi.

Haya, nakubali, ingawa kwa shingo upande. Waliovunjiwa madirisha wana haki ya kukasirika. Kufunga mlango wa chumba chako kwa kufuli si ukatili. Na wapo wazazi waliolazimika kumtoa mmoja nyumbani ili wadogo zake wapone. Siwahukumu hata kidogo, najua walivyolia. Ninachokataa ni kuligeuza jambo hilo kuwa dawa, mtaa mzima kumwandikia mama kana kwamba upendo wake ndio ugonjwa.

Tena jamani, kufukuza kunaua, na huyu tuliyemzika ni shahidi. Alikuwa ametoka gerezani. Akarudi amenenepa, uso umeng'aa, watu wakasema amepona. Jambo ambalo kila mwenye teja nyumbani alijue ni hili: mtu akikaa muda bila unga, iwe gerezani, soba hausi (nyumba ya kuachia unga) au kijijini kwa bibi, mwili unapoteza mazoea. Akirudi kwenye kipimo kile kile cha zamani, kinamzidi. Pumzi inapungua, inapungua, inasimama. Siku za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kuliko zote, na ndizo siku ambazo sisi tunatulia tukidhani tumepata nafuu. Ipo dawa, naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi ikiwahi. Lakini itawahi vipi kama hakuna mtu pembeni yake? Wenzake wa maskani wanaogopa polisi, wanakimbia. Yeye alikutwa asubuhi nyuma ya kibanda, kwa sababu kaka zake walikuwa wamesikiliza ushauri wa mtaa na kumwambia mama asimfungulie.

Sasa mwanangu. Sikumponya mimi, na simdai shukrani. Ila alipofika siku aliyosema mwenyewe "nimechoka, nipeleke", alikuwa hai, alikuwa na mahali pa kulala, na alikuwa na mtu wa kumwambia maneno hayo. Kliniki ya kwanza ya methadoni ya serikali hapa bara ilifunguliwa Muhimbili mwezi Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, ikaja Temeke, na siku hizi zipo Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga. Dawa hailipiwi. Ni ya maji, ipo kwenye kikombe kidogo, unainywa mbele ya mhudumu anayekutazama mpaka umeze, kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi ikiwemo. Inamshika mtu siku nzima, kwa hiyo arosto haimrudii na haja ya kuiba inakatika. Wanaoiita unga wa serikali wajue Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005.

Lakini dawa ya bure haina nauli ya bure. Asubuhi ile ya daladala, kila siku, mvua na jua, nani anaitoa? Akipitwa na siku kadhaa mfululizo, dozi inapunguzwa anaanza kupanda upya. Nani anamwamsha asipitwe? Nendeni mkaangalie mabenchi pale nje. Ni akina mama na shangazi na dada wakubwa, wamekaa na mikoba yao mapajani. Wale wale mnaosema wamedekeza.

Na akina baba, njooni. Mtoto ni wenu pia.

Viongozi wa dini, dua zenu tunazihitaji sana, ila mkimaliza kusoma mwambieni na njia ya kliniki. Askari, kijana mwenye kete moja mfukoni siye mwenye mzigo.

Limebaki moja, nalo linanikosesha amani kuliko maneno ya msibani. Mwanangu ni fundi makochi, mkono wake mzuri, hata alipokuwa kwenye unga watu walikuwa wakimtafuta. Sasa yuko sawa, macho makavu, anakula, ananenepa. Ameomba kazi karakana kadhaa. Wanamkubali, wanaona anavyovuta kitambaa kikalala bila mkunjo, halafu akisema ukweli kwamba asubuhi lazima apite kliniki kwanza, wanamwambia watampigia simu. Mmoja tu hakumwambia hivyo. Mzee mmoja wa makochi alimuuliza, "Ukitoka huko unafika saa ngapi?" Akamjibu saa nne. Mzee akasema, "Basi njoo saa nne, na jioni utafunga wewe."

Anafunga yeye karakana siku hizi, funguo anakaa nazo. Wapo wenzake wengi pale benchini wenye ufundi wao: wachomeleaji, wapaka rangi, madereva, wanaojua injini. Mwenye gereji au duka anayesoma hapa, wanachoomba ni kuanza kazi saa nne.