Upatu wa Bali na sanduku la mjomba

Kila nikipiga simu nyumbani naulizwa hivi huko Bali, Indonesia, kukoje, na mie kila siku najibu joto, mvua, bei ya nyumba, basi. Jibu lenyewe ninalo ila refu, halikai kwenye simu, acha leo niliandike nimalize.

Mie mtoto wa Ng'ambo, Unguja, kazi yangu jikoni, nilipika Muscat miaka mitatu kabla mkataba wa hoteli haujanileta huku Ubud, na sasa naenda mwaka wa nne. Nimepanga chumba kijijini, robo saa kwa pikipiki kutoka kazini, na ukuta wangu umepakana na bale banjar. Banjar ni mtaa wenye uongozi wake, kila kaya mwanachama, na bale ndo ukumbi wao, paa na nguzo, upepo unapita. Mwenye nyumba aliponitajia kodi nikashangaa mbona rahisi hivi. Usiku ule ule nikajua sababu.

Saa mbili watu kama ishirini na tano wamekaa chini, kila mmoja na nyundo ya mti mkononi, wakaanza kupiga gamelan, ndo muziki wao wa vibao vya shaba. Nilichosikia mie ni kabati la vyombo limesukumwa kwenye ngazi, masufuria, mifuniko, masinia, vyote vinashuka mbio, halafu ghafla kimyaa, wote kwa pamoja kama umeme umekatwa, na hujapumua kabati jingine hilo linashuka. Mpaka saa nne na nusu. Nikamtumia dada voisi nikamwambia nimepanga jirani na mafundi bati wenye majini.

Miezi mitatu nikawa hivyo, nalala na pamba masikioni. Na kilichokuwa kinaniudhi hasa sio ukubwa wa sauti, ni kwamba vyombo vyenyewe nilivisikia havijaoana. Mie nimekua naona wazee wanakaza ganuni nusu saa kabla ya shughuli, nyuzi sabini na kitu, ikilegea moja tu kila kitu kinasimama, sasa hawa kila kibao kina pacha wake na pacha hasemi sawa na mwenziwe, nikasema jamani hawa watu masikio yao vipi.

Siku niliyotoka kwenda kulalamika ndo siku niliyokaribishwa kahawa. Nikavua viatu, nikapita katikati kutafuta pa kukaa, nikairuka gangsa moja, chombo chao cha vibao, iliyokuwa njiani. Ukumbi mzima ukanyamaza. Hakuna aliyenifokea, akaja bibi mmoja na kikapu kidogo cha majani ya mnazi kina maua na uvumba, akakiweka pale, akanyunyiza maji, akanambia taratibu kuwa chombo hakirukwi, kina mwenyewe ndani. Nikacheka moyoni, halafu nikakumbuka kwetu ukimruka mtoto aliyelala chini unaambiwa urudi ulikotoka, la sivyo hatokua. Basi nikarudi, nikazunguka, wakafurahi mno. Malalamiko yenyewe nikayasahau.

Mwalimu wao, tunamwita Pak Guru, ndo aliyenitoa ushamba kuhusu wale mapacha. Alinikalisha mbele ya gangsa mbili, kila moja ina vibao kumi vya shaba iliyochanganywa na bati, vimening'inia juu ya mabomba ya mianzi. Akagonga kibao kimoja, tiii, sauti imenyooka kama uzi. Akakibana kwa vidole kikanyamaza. Akagonga pacha wake kwenye ile nyingine, tiii, iko juu kidogo tu, upana wa unywele. Halafu akavigonga vyote viwili na sauti ikaanza kutetemeka yenyewe hewani, wewewewewe, hakuna mkono unaoigusa. Hiyo wanaiita ombak, maana yake wimbi. Kibao cha chini wanakiita pengumbang, kinachovuma kama nyuki, cha juu pengisep, kinachofyonza. Fundi anavikosanisha kusudi, tena kwa kipimo, na kila seti ina kipimo chake, huwezi kuazima gangsa ya mtaa wa pili ukaichanganya na za hapa. Kwao sauti isiyo na wimbi ni maiti. Mie mtu wa pwani, nimezaliwa naona bahari, nafundishwa wimbi na mtu wa mashamba ya mpunga!

Kujifunza kwenyewe hakuna karatasi. Mwalimu anakaa upande wa pili wa chombo mkiangaliana, yani yeye anakipiga kinyumenyume, na wewe unafuata nyundo yake kwa macho mpaka mkono ushike. Wa kulia unagonga, wa kushoto unakimbia nyuma yake kukibana kibao kilichokwisha kupigwa, kwa sababu usipokibana kinaendelea kulia juu ya kinachofuata na hapo ndo unazipata zile sufuria kweli. Kugonga nilijua siku moja. Kubana, wallahi miezi minane, na bado kuna vijana wa darasa la tano pale wananicheka.

Halafu nikapewa sehemu yangu, inaitwa polos. Nikaipiga nusu saa nzima nikaona mbona huu sio wimbo, una mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno, ta, ta-ta, kimya, ta. Nikajua nimepewa cha kitoto. Akaja kukaa mwenzangu, mlinzi wa hoteli, Wayan (msishangae, huku Wayan ni jina la mtoto wa kwanza, ukiita pale ukumbini wanageuka sita), naye akapiga ya kwake inayoitwa sangsih, nayo mapengo matupu. Pak Guru akasema pamoja. Mapengo yangu akayajaza yeye na yake nikayajaza mie, ikatoka mbio moja ambayo mkono wa binadamu mmoja hauiwezi, na nikawa sijui tena sauti ipi yangu ipi yake. Hapo hapo nikapotea maana niliacha kupiga nikaanza kusikiliza. Hiyo ndo kotekan. Baadae rafiki yangu wa Kampala tuliyekuwa nae Muscat alipoona video akanambia mbona hii kwetu ipo, amadinda ya Waganda, vibao vya mti, wawili wanakaa uso kwa uso na kila mmoja anapiga katikati ya mapigo ya mwenziwe, akanitumia nikasikiliza na kweli ndo mtindo ule ule. Kuna wasomi walishawahi kudai marimba za Afrika zilitoka pande hizi kwa vyombo vya bahari, wengine wakakataa katakata, mie ugomvi huo siuingii.

Sasa nije kwenye neno langu. Lile gong kubwa linaloning'inia nyuma, Kiswahili chake ni upatu (msiseme gongo, mtanikamatisha). Na upatu kwetu ni nini tena? Si ule mchezo wetu wa kuchangiana hela, kila mmoja anatoa kidogo, mzunguko ukitimia mmoja anapokea. Muziki huu ndo huo huo. Gong halianzishi, gong linapokea. Wote wanatoa, wanatoa, wanatoa, na mzunguko ukifika mwisho ndo linapigwa mara moja, unalisikia kifuani kabla ya masikioni, halafu wanaanza upya. Kosa langu miezi ile mitatu nilikuwa nasikiliza juu, kwenye vibao vidogo, ambako ndo fujo yote. Anayetaka kuuelewa aanze chini: lisubiri gong, likishakukaa sikiliza jegogan, vile vibao vitano vinene vinavyopigwa kwa nadra, kisha jublag zinazokwenda haraka zaidi yake, ukifika juu kwenye gangsa zile sufuria hutozisikia tena, utasikia watu wanapamba kitu unachokijua.

Na hapa ndo nataka kugombana na nyinyi wa nyumbani. Kila siku nasoma ngoma zetu zinakufa kwa sababu vijana wamependa bongofleva na singeli. Sio kweli bwana. Wayan getini kwake anashinda na dangdut, muziki wa kisasa wa Indonesia, na vitu vya Kikorea masikioni, Jumatatu na Alhamisi saa mbili yuko ukumbini kakaa chini. Anakuja kwa sababu vyombo ni mali ya mtaa, viko pale pale, havikufungiwa nyumbani kwa mtu, na kwa sababu kila siku 210 hekalu lao lina sikukuu yake na sikukuu bila gamelan haijatimia, na kwa sababu, tuseme kweli, asipokuja kwenye kazi za banjar familia yake inatozwa faini.

Sisi je? Mjomba wangu alikuwa mpiga sanduku kwenye kidumbak, ile taarab ya mitaani. Wadogo hamjui, sanduku ni boksi lile la majani ya chai, limepinduliwa, lina mti na uzi mmoja, unauvuta mti sauti inapanda, unaulegeza inashuka, ndo besi hiyo. Anakuwepo wa fidla, wa vidumbak viwili, ndo ngoma ndogo, wa cherewa za kutikisa, wa mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, na harusi ya mtaani watu wanakatika mpaka alfajiri. Ilitaka watu watano au sita na jirani wa kuitikia. Leo anakuja mtu mmoja na laptopu na spika mbili kama makabati, na tumeona ndo maendeleo kwa sababu analipwa mmoja. Upatu mzima tumempa mtu mmoja auchezee peke yake, halafu tunashangaa mtaani hakuna anayejua kupiga kitu.

Na msinambie wenzetu wana mila za kale. Huu mtindo wanaopiga hapa, gong kebyar, ulizuka kaskazini mwa kisiwa huko Buleleng mnamo 1915 hivi, chini ya Mholanzi. Majumba ya wafalme yalikuwa yameshavunjika nguvu, vijiji vikachukua vyombo vya zamani vikaviyeyusha na kuvifua upya viendane na fujo mpya ya vijana. Yani asili yenyewe ilikuwa bongofleva ya siku zile. Na sisi taarab ilikuwa ya kasri, Sultan Barghash huyo, mpaka Siti binti Saad akaichukua kwa watu wa Ng'ambo kwa Kiswahili na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Mwaka huo huo 1928 kampuni za sahani za santuri za Kijerumani zilikuja Bali kurekodi gamelan. Tulikuwa tunakwenda sambamba.

Najua mtu ataniletea Akhwani Safaa, klabu ya taarab ya Unguja, ipo tangu 1905 na bado ipo, na ana haki. Na huku nako sio peponi. Kuna wenzangu kazini mshahara nusu unaishia kwenye michango na likizo zote zinaliwa na sherehe, na Ubud kila usiku kuna maonyesho ya tiketi ya kuwafurahisha wageni, wanapiga vipande vifupi vifupi mgeni asichoke, hotelini kwetu pia. Ila wapigaji ni wale wale, wakitoka kwa mgeni wanarudi banjar kupiga wimbo mzima, hilo ndo linaloniumiza, maana kwetu vikundi vingi vimebaki na mgeni tu.

Mama yeye wasiwasi wake mwingine. Aliniuliza waziwazi, mwanangu huko unapigia miungu ya watu? Nikamwambia la, napiga mazoezi, na napiga tarehe 17 Agosti kwenye uhuru wao, siku za hekalu nakaa nje na pikipiki yangu, na toka nifike hakuna aliyenivuta mkono. Nikampoza na habari ya Pegayaman, kijiji cha Waislamu huko huko Buleleng, majina yao Wayan na Nyoman kama Wabali wengine, na burdai, kasida ya kumsifu Mtume, wanaisoma kwa dufu. Burdai ndo iliyomtuliza, akataka nimrekodie.

Mjomba nilimtumia voisi ya dakika tatu bila maelezo yoyote, makusudi, nione. Yeye sanduku aliacha siku nyingi, boksi wanawekea chakula cha kuku. Akanipigia baada ya Isha. Hakusema lolote la sufuria. Akaniuliza, "Yule anayepiga lile kubwa kule nyuma ni mzee?" Nikamwambia mzee kidogo, kwa nini? "Anajua kusubiri." Halafu akataka kujua analipwa ngapi. Nikamwambia halipwi mjomba, tena asipofika nyumba yake inapigwa faini. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, mke wake akaichukua simu kuuliza mmeongea nini na huyu, na nyuma nikamsikia mjomba anapiga kelele, "Mwambie akija aje nao hao, wa kupiga hapa wako wawili tu!"