Nahodha Aliyekataa Kukata Jarife

Kila kusi inapochafuka, maneno yaleyale husikika katika Deep Sea, diko la wavuvi hapa Tanga: tahadhari ilitolewa, simu ilipigwa, na bado nahodha alibaki akivuta jarife, wavu wake mkubwa wa kutega, hadi maji yakaanza kuingia chomboni. Akirudi huitwa mkaidi au mwenye tamaa. Asiporudi huitwa hivyohivyo, ila kwa sauti ya chini. Hoja kwamba wavuvi hawasikii ina ukweli wake. Lakini wanaomhukumu nahodha huyu mara nyingi hawaulizi aliambiwa nini hasa, kwa maneno gani, na alikuwa katika hali gani alipoambiwa.

Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio linaloonyesha jinsi maneno yanavyogeuza uamuzi wa mtu. Watu walielezwa juu ya ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Kundi la kwanza lilitakiwa kuchagua kati ya mpango utakaookoa watu 200 kwa hakika, na mpango wenye nafasi moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote na mbili kati ya tatu ya kutomwokoa yeyote. Asilimia 72 walichukua la hakika. Kundi la pili lilipewa mipango ileile kwa lugha ya vifo: ama watu 400 watakufa, ama kuna nafasi moja kati ya tatu kwamba hatakufa mtu na mbili kati ya tatu kwamba watakufa wote 600. Safari hii asilimia 78 waliamua kubahatisha.

Hiyo asilimia 78 imenikaa kichwani kwa muda mrefu. Wale watu hawakuwa baharini, hawakuwa na deni la nyavu, wala hakuna mtoto wao aliyekuwa ameshika usukani huku akitetemeka kwa baridi. Walikuwa na karatasi mbele yao na muda wa kufikiri. Hata hivyo, neno "watakufa" lilipochukua nafasi ya "wataokolewa", wengi wao waliiacha hakika na kuikumbatia bahati. Wahenga wetu walituachia "heri nusu shari kuliko shari kamili", na sisi wenyewe kila siku tunasema "liwalo na liwe". Tumezoea kudhani kwamba la kwanza ni la mwenye busara na la pili ni la mpumbavu. Jaribio lile linaonyesha kwamba watu wa aina moja huweza kuelekea huku au kule kwa kutegemea sentensi iliyowekwa mbele yao. Wala elimu si kinga kamili: mwaka 1982 utafiti mwingine, ambao Tversky alishiriki, uliwauliza madaktari kuhusu upasuaji wa saratani ya mapafu. Kati ya walioambiwa kwamba asilimia 90 ya wagonjwa huwa hai mwezi mmoja baadaye, asilimia 84 waliupendelea upasuaji. Kati ya walioambiwa kwamba asilimia 10 hufa, ni asilimia 50 tu walioupendelea.

Ongeza taharuki sasa. Mwaka 2009 watafiti Anthony Porcelli na Mauricio Delgado waliwatumbukiza watu mkono katika maji ya barafu ili miili yao iingie katika dhiki, kisha wakawapa michezo ya bahati yenye fedha. Mwelekeo uleule ulizidi nguvu: palipokuwa na faida walizidi kuwa waangalifu, na palipokuwa na hasara walizidi kubahatisha. Si tafiti zote za msongo zinazokubaliana katika kila jambo, lakini hili linafanana mno na ninayoyasikia pwani.

Nahodha mmoja mzee alinieleza siku aliyopigiwa simu mawimbi yakianza kuinuka. "Kijana akaniambia, baba, kata jarife urudi. Mimi nilichosikia ni kata jarife. Jarife lenyewe la mkopo, mwanangu, na boya lilikuwa limezama kwa uzito wa samaki." Alibaki akivuta kwa karibu saa nzima, na mashua ikarudi nusu ikiwa maji. Sentensi ile ilikuwa ya kweli na ilisemwa kwa mapenzi, lakini ilimweka mbele ya hasara ya hakika, ikamwachia bahari kuwa ndiyo nafasi pekee ya kuikwepa.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zina ngazi zinazoeleweka, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, nazo hutaja uwezekano, kiwango cha athari, na athari zenyewe, kama vile kuathirika kwa shughuli za uvuvi. Kwa mtu ambaye nyavu zake bado zimeanikwa uani, lugha hiyo inatosha kabisa. Kwa aliyekwisha kutega, taarifa nzima inazungumza juu ya atakachopoteza.

Upande wa pili unasema kwamba watu hawaondoki bila kutishwa, na kwamba kulainisha maneno ni kuficha hatari. Ni hoja nzito. Baada ya Kimbunga Hidaya kufifia karibu na Mafia mwezi Mei 2024, ingekuwa rahisi mtu kuona kwamba pwani ilitishwa bure, na onyo lijalo likisemwa kwa upole mno litapuuzwa. Wapo pia wanaohofia kwamba tukiyalaumu maneno, hakuna atakayewajibika kwa uamuzi wake. Hofu hiyo naielewa, lakini haitokani na ninachokitetea. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba nusu iliyoachwa bila kutajwa ikikamilishwa, mtu akaambiwa kwamba 200 wataokolewa na 400 hawataokolewa, tofauti kati ya makundi hupungua sana. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kusema zaidi: hatari itajwe yote bila kupunguzwa, na kilichomo mkononi kitajwe pia. "Ukigeuza sasa, nyinyi wanne mnafika, mashua na mashine vinafika, jarife linaweza kupotea, ila boya lina alama na tutalitafuta bahari ikitulia." Maneno hayo yanachukua sekunde chache kuliko ubishi wa simu.

Mzee yule hakusoma jaribio lolote. Lakini kijana wake anayebaki pwani amekwisha kuagizwa: akipiga simu, aanze kwa kuwataja waliomo chomboni mmoja mmoja kwa majina, ndipo aeleze upepo, na jarife alitaje mwisho.