Tusisubiri mpaka mpira: tezi dume, Tanga na Uingereza

Watu wa Tanga tulioko Uingereza tukipiga simu nyumbani, habari ya mkojo huja mwisho, tena hailetwi na mwenyewe. Mama ndiye anayesema baba haishi kuamka usiku. Dada ndiye anayesema mjomba yuko hospitali ya Bombo, amewekwa mpira wa kutolea mkojo. Kufika hapo mzee ameshahangaika miaka. Husimama chooni akisubiri mkojo uje, ukija ni mwembamba, unakatika, unaanza tena. Ataambiwa ni ngiri, ataambiwa ni yutiai, atanywa antibiotiki mara tatu nne bila mkojo wenyewe kupimwa.

Wengi hudhani wenzetu huku wametuzidi kwa mashine. Mashine zipo, na ni nzuri. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kuchunguza na kutibu tezi dume hufanywa kwa maswali saba, karatasi, kopo la kupimia na kidonge kimoja kwa siku, na hivyo vyote vinawezekana Ngamiani, Tanga, kama vinavyowezekana London.

Tezi yenyewe imekaa ndani, chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Si busha, wala haionekani kwa nje, ingawa kwetu pwani, tulikozoea mabusha, watu huchanganya. Kwa kijana ni ndogo kuliko ndimu. Kuanzia miaka ya 40 huanza kukua kwa ndani, na kwa baadhi ya wazee hufikia ukubwa wa chungwa la Muheza. Kukua huku si saratani na hakugeuki kuwa saratani. Shida yake ni kwamba kunaubana mrija.

Daktari wa huku huanza kwa kuuliza kuhusu mwezi uliopita: ni mara ngapi ulihisi kibofu hakijaisha, ulirudi chooni kabla ya saa mbili kupita, mkojo ulikatika na kuanza tena, ulishindwa kuubana, ulitoka kwa unyonge, ulilazimika kujikamua ili uanze, na uliamka mara ngapi usiku. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 5. Jumla ikiwa 7 au chini, hali ni nyepesi na mara nyingi haihitaji dawa. Kati ya 8 na 19 ni ya kati, 20 hadi 35 ni nzito. Alama hizo zikiandikwa leo na zikaandikwa tena baada ya wiki sita za dawa, hakuna haja ya kubahatisha kama dawa imefanya kazi.

Kopo ndilo tunalolipenda zaidi, maana halina gharama. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ikate juu, weka alama za kila mililita 100. Kwa siku tatu andika saa na kiasi cha kila mkojo. Halafu jumlisha ya usiku, pamoja na wa kwanza wa alfajiri. Ikiwa usiku peke yake umetoa zaidi ya theluthi moja ya mkojo wote wa saa 24, kinachomwamsha mzee huenda si tezi. Tafuta kwingine: kahawa ya barazani baada ya Isha, dawa ya presha inayoleta mkojo kunywewa jioni badala ya asubuhi, miguu inayovimba mchana na maji yake kurudi mwilini anapolala, au kisukari ambacho hakijapimwa. Kumpa mtu huyo dawa ya tezi ni kumpotezea pesa.

Dawa inayotangulia ni tamsulosini mikrogramu 400, mara moja kwa siku, baada ya mlo uleule kila siku. Hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na nafuu huanza ndani ya siku chache. Inaweza kuleta kizunguzungu, kwa hiyo mzee aketi kwanza kitandani kabla ya kusimama. Inaweza pia kufanya manii yasitoke au yapungue, jambo ambalo halina hatari, lakini asipoambiwa mapema ataiacha dawa kimyakimya. Na mwenye mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho kabla ya upasuaji kwamba anatumia au aliwahi kutumia tamsulosini, kwa sababu huilegeza mboni na kumtatiza mpasuaji. Finasteridi miligramu 5 ni kwa tezi kubwa. Huipunguza tezi taratibu, na huchukua miezi sita hivi kabla ya kuihukumu. Kidonge chake kikivunjika, mwanamke mjamzito asikishike.

Kuna kitu kidogo kinachowaumiza wanaume wengi wa kwetu kuliko tunavyokiri, nacho ni matone yanayotoka baada ya mtu kumaliza kustanji, kanzu ikaingia doa, akaacha kwenda msikitini. Ukimaliza kukojoa, subiri kama dakika moja, jaribu tena. Kisha weka vidole viwili nyuma ya korodani, bonyeza taratibu kwenda juu na mbele mpaka mwanzo wa uume, ili mkojo uliobaki kwenye mrija utoke. Rudia mara mbili tatu, ndipo ustanji.

Mkojo ukigoma kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma, ni dharura ya saa hiyohiyo. Madafu hayafungui mkojo ulioziba, yanazidi kukijaza kibofu. Wakati mwingine kilichofunga ni dawa ya mafua yenye klorofeniramini au sudoefedrini, iliyonunuliwa dukani bila kuulizwa chochote. Hospitali itaweka mpira, kwa kawaida namba 14 au 16, na ni lazima iandike mkojo uliotoka ni kiasi gani na ipime kreatinini kuangalia figo. Tunachokilalamikia nyumbani ni mgonjwa kurudishwa na mpira bila tarehe. Mpira wa kawaida wa mpira laini haufai kupita wiki nne, wa silikoni wiki 12. Ukipitiliza, hushika chumvichumvi, huziba, na huleta maambukizi. Mfuko ukae chini ya kibofu muda wote. Kama figo ni salama, mgonjwa huanzishiwa tamsulosini na mpira hujaribiwa kutolewa baada ya siku chache. Mpira si tiba ya maisha, labda ikishindikana kabisa.

Saratani ni habari nyingine. Mara nyingi huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija, kwa hiyo mtu anaweza kukojoa vizuri kabisa nayo imo. Hapo ndipo PSA, kipimo cha damu, kinaposaidia. Kisipimwe ndani ya saa 48 baada ya kutoa manii au kuendesha baiskeli mwendo mrefu, na Tanga ni mji wa baiskeli. Baada ya maambukizi ya mkojo subiri wiki sita. Damu iliyotolewa siku ya kuwekwa mpira hudanganya, na anayetumia finasteridi zaidi ya miezi sita jibu lake lizidishwe mara mbili. Uingereza hukupeleka kwa daktari bingwa jibu la PSA likizidi 2.5 ukiwa na umri wa miaka 40 hadi 49, 3.5 ukiwa na 50 hadi 59, 4.5 ukiwa na 60 hadi 69. Kuhusu kidole, yaani daktari kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, kipimo ambacho wanaume hukikimbia kwa aibu: huchukua chini ya dakika moja. Gusa nyama iliyo chini ya kidole gumba chako, hiyo ndiyo tezi ya kawaida. Gusa fundo la kidole ukiwa umekunja ngumi, ugumu huo ndio daktari anaoutafuta.

Lakini tusiipambe Uingereza. Hakuna anayekuita ukapime. Mwanamume wa miaka 50 na zaidi ana haki ya PSA bila malipo, ila lazima aiombe mwenyewe. Na sisi ndio wenye hatari kubwa: huku mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne hupata saratani hii maishani, wakati kwa wanaume wote ni mmoja kati ya wanane. Bado kuna wenzetu wanaofanya kazi za usiku miaka kumi bila kujiandikisha kwa daktari wa familia, wanaishi peke yao, na hakuna anayewahesabia safari za chooni. Nyumbani mtu huyo angeonekana na mkewe, na barazani wangemuuliza mbona anainuka kila mara.

Kwa hiyo pesa za kutuma chupa za dawa zinazodai kuyeyusha tezi kwa siku saba zielekezwe kwenye vipimo. Na simu inayofuata, mwombe mdogo wako apige picha karatasi za mzee akutumie: PSA na tarehe yake, kreatinini, na kama ana mpira, siku ulipowekwa.