Mowgli alipobaki msituni

Filamu ya The Jungle Book ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Jon Favreau, inamalizika Mowgli, mtoto wa binadamu aliyelelewa na mbwa mwitu, akiwa amejipumzisha mtini pamoja na dubu Baloo na chui mweusi Bagheera. Kijijini haendi. Katika katuni ya 1967 alimfuata msichana mchota maji akaishia kwa binadamu wenzake. Katika kitabu cha Rudyard Kipling cha 1894 anafukuzwa kote kuwili, msituni na kijijini. Je, Favreau alifanya vyema kumbakiza?

Wanaomuunga mkono wana hoja nzito. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na aliyemlea Mowgli ni Raksha, mama mbwa mwitu, ambaye Lupita Nyong'o amempa sauti yenye upole na ukali kwa pamoja. Kwa nini mtoto ahame kwao ili tu athibitishe kuwa ni mtu? Tena Kipling, mzaliwa wa Bombay, aliuamini ukoloni waziwazi, na katika hadithi zake hata Bagheera hawezi kumkazia macho Mowgli. Binadamu ndiye bwana. Favreau amelivunja hilo. Mowgli wake anasokota kamba, anaangua asali, anamwopoa mtoto wa ndovu shimoni. Mbele ya ndovu anainama. Na pale anaposhika mwenge wa moto akaona hata waliomlea wanamwogopa, anautupa mtoni. Kwangu hilo ndilo tukio bora la filamu nzima, ingawa mtoto Neel Sethi aliliigiza studioni Los Angeles, na wanyama wote tunaowaona walichorwa kwa kompyuta.

Hata hivyo, kuna kitu kimepotea, nacho si kidogo. Kitabuni, simbamarara Shere Khan anawarubuni mbwa mwitu vijana mpaka kundi lenyewe linamgeuka Mowgli. Usiku ule anahisi maji yakimtoka machoni na kuuliza kama anakufa. Bagheera anamwambia ni machozi tu. Akifika kijijini, anapokewa na Messua, mwanamke anayeamini kuwa huyu ndiye mwanawe aliyechukuliwa na simbamarara. Baadaye wanakijiji wanamrushia mawe wakimwita mchawi. Mtoto ana kwao kuwili na hana pa kulala.

Kwenye filamu kundi halimsaliti. Tatizo ni Shere Khan peke yake, naye akishatumbukia motoni limekwisha. Kijiji tunakiona kwa mbali, usiku, vivuli vya watu wakizunguka moto. Messua hayumo kabisa. Ndiyo maana uamuzi wa Mowgli unakuwa mwepesi mno: upande wa pili hakuna anayemngoja.

Mimi nakubaliana na Favreau kwamba mtoto huyu alistahili kubaki kwa waliomlea. Ninachomdai ni gharama ya kubaki huko. Watoto wanaolelewa na wasio wazazi wao wanaijua gharama hiyo vizuri, na wengi wao walikuwa ukumbini wakitazama. Laiti angemwacha Messua atokeze mlangoni na maziwa mkononi, amwite kijana huyu kwa jina la mwanawe. Halafu Mowgli ageuke, arudi msituni, nasi tukiwa tumeuona uso wa aliyemwacha.